Sababu za Kumkamata Lokesh

Malalamiko yalikuwa na washtakiwa kumi na mmoja, na wa nne kati yao alikwisha kufa.

Inspekta Urmila Dahiya alikuwa hajalijua hilo bado. Alichokijua asubuhi ile ni kwamba magoti yanamuuma, kwamba ukungu wa Januari umeingia mpaka ndani ya kituo, na kwamba imebaki miezi mitatu avue magwanda na kwenda zake nyumbani kumtunza mumewe, ambaye tangu kiharusi kimpige alikuwa akilishwa kwa kijiko. Kituo chenyewe kilikuwa cha wanawake: maafande wanawake, kesi za wanawake, vyumba viwili nyuma ya soko la nafaka. Kesi zilikuwa zile zile mwaka hadi mwaka. Mume kapiga, mama mkwe katukana, mahari hayakutosha. Huku kwetu baba wa binti ndiye anayetoa mahari, na akishaanza kutoa hakuna siku atakayoambiwa basi, imetosha.

Baba wa siku ile aliitwa Rampal Saini, mkulima wa koliflawa, mwembamba, blanketi begani, udongo bado kwenye kucha. Binti yake Gunjan alikaa ukingoni mwa benchi, mkono wa kushoto umefungwa plasta kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Hakusema kitu tangu aingie, ila alimtazama Urmila mara moja, kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akainamisha macho.

"Soma, afande," mzee Rampal akasema. "Kila kitu kimo. Karani wa pale nje ya mahakama ameipiga chapa mwenyewe. Karatasi nzito hiyo."

"Uzito wake nauona." Urmila akavaa miwani. "Wa kwanza, Lokesh, mume. Wa pili, Bimla, mama mkwe. Wa tatu, Dharampal, baba mkwe. Wa nne, Angoori Devi. Huyu nani?"

"Bibi yake Lokesh."

"Naye alifanya nini?"

"Alimkamata nywele akamburuta uani. Ukurasa wa pili huo."

Gunjan akainua uso. "Bibi alifariki mwaka juzi," akasema.

Koplo Santro, aliyekuwa amechuchumaa kupuliza makaa, akapaliwa na moshi, au na kicheko. "Basi huyo bibi ana nguvu, afande," akasema. "Na wito tutaupeleka wapi? Mtoni walikomwaga majivu yake?"

"Nyamaza, Santro. Wa kumi, Chunnu. Wa kumi na moja, Pari."

"Watoto wa shemeji yangu," Gunjan akasema. "Pari yuko darasa la pili."

Urmila akavua miwani, akajisugua pua. Hakuhitaji kuuliza zaidi, lakini aliuliza, maana kuuliza ndiyo kazi yake. "Mzee, haya majina karani aliyatoa wapi?"

Rampal akatia mkono kwenye mfuko wa nguo aliokuja nao, akatoa kadi ya harusi. Ilikuwa nyekundu, yenye maandishi ya dhahabu, imekunjwa pembe lakini imetunzwa. "Aliniambia nimletee majina yote ya upande ule. Mimi nitayajuaje yote? Nikampa kadi."

Kadi zetu za harusi zina desturi hiyo. Juu wanakaa miungu, katikati bibi na bwana harusi, na chini kabisa inapangwa orodha ya jamaa wote ambao, kwa maneno ya kadi, wanangoja kwa hamu kuwaona wageni wao. Babu na bibi wanatangulia, kisha ami na wake zao, kisha wifi walioolewa mbali, na mwisho watoto, ambao huchapiwa mstari wao wa kitoto wa kuwabembeleza watu wasikose harusi ya ami. Karani alikuwa ameinakili orodha ile toka juu mpaka chini, na watu waliongoja kwa hamu kuwaona wageni wakawa watu waliopiga, waliotukana na waliodai gari. Bibi Angoori alikuwa hai kadi ilipochapwa. Karani hakuwa na njia ya kujua kwamba tangu hapo amejifia.

Hii haikuwa mara ya kwanza. Zamani, karatasi kama ile ingetosha. Gari la kituo lingetoka, likawazoa wote waliotajwa, na Urmila mwenyewe aliwahi kuwazoa. Alikumbuka ajuza mmoja waliyembeba na kitanda chake cha kamba, na msichana mmoja, wifi wa mtu, aliyekosa mtihani wake wa ualimu kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye karatasi. Hakuwa amefanya lolote msichana yule. Urmila hakujivunia siku zile, wala hakuzisingizia amri za wakubwa.

Kisha mahakama kuu ya nchi ikavuta breki. Kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka saba, afande haruhusiwi kumtia mtu mbaroni hivi hivi tu kwa kuwa ametajwa. Ampe hati ya wito, mtuhumiwa aje mwenyewe ajibu. Akitaka kumkamata, aandike sababu, moja baada ya moja, kwenye fomu maalumu, na hakimu azisome kabla hajamweka mtu mahabusu hata siku moja. Afande anayeruka fomu hiyo, kitanzi ni chake. Urmila aliona kuwa sheria ile ni nzuri, na alishasema hivyo mbele ya watu. Lakini ni yeye aliyebaki kuwaeleza wanawake wenye plasta kwamba mume atapewa karatasi na kurudi nyumbani kula chakula cha jioni, na kazi hiyo ilimchosha kuliko kupanda ngazi.

"Mzee, sikiliza," akasema. "Tuyatoe haya majina ya kwenye kadi. Tubaki na waliomuumiza kweli. Karatasi ikiwa nyepesi itatembea."

"Nikiyatoa watasema nimeogopa."

"Nani watasema?"

"Ukoo wao. Na wangu." Rampal akajifunika vizuri blanketi. "Karani kaniambia, ukiwataja wote watakuja wenyewe mbio kutaka amani. Watamchukua kwa heshima. Mimi nataka heshima tu, afande. Nina binti mwingine ndani, hajaolewa."

Urmila akamgeukia Gunjan. "Na wewe unataka nini?"

"Nataka nisirudishwe," Gunjan akasema.

"Hasira tu hizo," baba yake akasema. "Zitapoa."

Majina yalibaki kumi na moja. Mlalamikaji ana haki ya kulalamika anavyotaka, na karatasi ile ilikuwa na sahihi ya Gunjan, aliyowekewa mbele na baba yake na kuambiwa atie hapa na hapa.

*

Lokesh alikuja kituoni siku ya tatu baada ya kupelekewa wito, kabla hata ya saa iliyoandikwa. Alikuja na wakili wake na boksi la vitamutamu vya ladu. Alikuwa kijana mtanashati, mwenye duka la simu karibu na stendi, na nywele zake zilinukia mafuta mazuri. Aliinama akagusa miguu ya Urmila.

"Mama, mimi ni mtu wa sheria," akasema. "Mmeniita, nimekuja."

"Keti. Na hilo boksi likae nje."

Wakili akatoa cheti cha kifo kilichotiwa plastiki, akakilaza mezani taratibu. "Washtakiwa wote walio hai watatii wito, afande. Ila bibi Angoori anaomba udhuru."

Santro alicheka. Hata mpiga chapa wa kituo alicheka. Urmila hakucheka, maana alikwisha kuiona njia yote mpaka mwisho wake: hakimu atakisoma cheti kile, atamtazama Gunjan, na kila neno la kweli litakaloandikwa litanuka uwongo wa bibi aliyekufa. Mkono ulivunjwa kweli. Daktari aliandika kwamba ulisokotwa mpaka mfupa ukaachia. Lakini mkono ule sasa ulikuwa umefungwa kwenye kapu moja na mtoto wa darasa la pili.

Alimsomea Lokesh masharti ya wito. Aje kila akiitwa. Asiharibu ushahidi. Asimkaribie mlalamikaji wala kumtisha kwa namna yoyote. Lokesh akaitikia kila sharti kama mtoto anayesoma dua, akaweka sahihi, akaomba nakala. Akapewa, yenye muhuri wa kituo.

Nakala ile ndiyo iliyofanya kazi mitaani. Lokesh aliionyesha dukani, akaionyesha kwa wazee wa ukoo waliokaa kuota jua na kuvuta tumbaku. Wazee wale walikuwa wameona watu wengi wakizolewa na gari la polisi, lakini hawakuwahi kuona polisi wakimwandikia mshtakiwa karatasi safi na kumwomba aje saa nne. Wakaushikashika muhuri. Ikawa habari ya mji: Lokesh kaandikiwa na serikali kwamba hana kosa. Na kwa kuwa hana kosa, mke wa nini kukaa kwao?

*

Siku tano baadaye Gunjan alikuja kituoni peke yake, kwa miguu, shali imelowa ukungu. Urmila alimkalisha karibu na makaa, akampa chai ya tangawizi yenye sukari guru. Gunjan akaizungushia glasi vidole vya mkono mzima.

"Amekuja leo asubuhi," akasema. "Nilikuwa pale bombani naosha koliflawa. Akasimamisha pikipiki langoni, hakushuka. Akaniambia, 'Umebaki wa kulia.'"

"Maneno hayo tu?"

"Hayo tu. Akautazama mkono wangu mzima, akaondoka."

Urmila akavuta kiti karibu. "Nani alisikia?"

"Baba. Alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, anafunga magunia." Gunjan akanywa chai kidogo. "Jumapili wanakuja kunichukua, afande. Wazee wamekaa, wamekubaliana. Mama mkwe ataniletea sari na bangili. Baba ameshaagiza maziwa ya kuwapikia."

Urmila akachukua gari mpaka kwa Rampal. Alimkuta palepale bombani, magunia yamepangwa, yuko tayari kwenda sokoni.

"Mzee, Lokesh alikuja hapa leo?"

"Alipita."

"Alisema nini?"

Rampal akafunga gunia lililokwisha kufungwa. "Sikusikia. Ukungu ulikuwa mzito."

"Ukungu unaziba macho, mzee, hauzibi masikio."

"Afande." Akamgeukia, na Urmila akaona kwamba mwanamume huyu hajalala siku nyingi. "Ninyi wenyewe mmemwacha. Angekuwa na kosa mngemfunga. Mmempa karatasi yenye muhuri, akawaonyesha watu wote. Sasa mimi nimshikilie binti kwa nguvu gani? Mdogo wake ana miaka ishirini na moja. Wameshakuja watu wawili kumtazama, wakasikia mkubwa amerudi nyumbani, wakanywa chai wakaondoka. Nikikwambia nimesikia, wewe utanipa nini? Utanipa karatasi nyingine?"

Urmila angependa kumkasirikia. Hakuweza. Alirudi kwenye gari, akamwambia dereva aondoke.

*

Ilikuwa Ijumaa. Fomu ya sababu za kukamata ilikuwa mbele yake mezani, tupu. Kuzuia kosa jingine lisitendeke: kwa ushahidi gani? Kuzuia shahidi asitishwe: shahidi mwenyewe anasema hakusikia. Masharti ya wito yamevunjwa: nani aliona? Hakimu wa mahakama ile alikuwa kijana mgeni, asiye na utani, aliyewarudisha maafande wawili mwezi uliopita na fomu zao kama wanafunzi walionakili majibu. Na lazima angeanza na bibi Angoori.

"Ungepata tu kitu cha zamani," Santro akasema. "Kwamba alishawahi kuonywa. Kwamba alishawahi kuahidi, akavunja."

"Gunjan angekuwa alishawahi kuja hapa, angesema."

"Wanasema basi? Wengine wanaona haya." Santro akaburuta kiti mpaka kwenye kabati, akashusha madaftari ya suluhu. Ndani yake ziliandikwa ndoa zilizopatanishwa kituoni bila kufunguliwa kesi, mume akiahidi, mke akikubali, wote wakitia sahihi. Akaanza kupekua, akilowesha kidole kwa ulimi, huku akiimba wimbo wa harusi chini chini. Mara wimbo ukakatika.

"Afande."

"Umepata?"

"Nimepata," Santro akasema. Lakini hakulileta daftari. Alilishika vile vile, limefunguka, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na mzaha. "Mwezi wa tatu, mwaka juzi. Gunjan, mke wa Lokesh. 'Mlalamikaji ana jeraha la mdomo, limeshonwa nyuzi mbili. Mume anaahidi hatarudia kumwinulia mkono. Pande zote zimeridhika. Suluhu.'"

"Sahihi ya nani?"

Santro akalilaza daftari juu ya fomu tupu. Sahihi ilikuwa ya Urmila Dahiya.

Alijaribu kuukumbuka uso, mdomo ulioshonwa, benchi lile lile. Hakukumbuka kitu. Mwezi ule wa tatu kituo kilisuluhisha ndoa nyingi kuliko vituo vyote vya wilaya, na mkuu wa polisi akawapa cheti, kikatiwa fremu, kikatundikwa ukutani juu ya kiti chake: kwa kuziokoa nyumba. Hapo alipokaa, cheti kilikuwa kisogoni pake. Kanuni ilikuwa wazi hata wakati ule. Mwanamke mwenye jeraha anapelekwa hospitali ya serikali, daktari anaandika, kesi inafunguliwa. Yeye alimpa chai na kalamu. Lazima alimwambia pia maneno aliyowaambia wote, kwamba kijana huyu atatulia, mpe muda, mwanangu. Aibu ilimpanda mpaka kwenye masikio, akayasikia yanawaka.

Ukurasa ule ulikuwa sababu aliyokuwa akiitafuta, yenye tarehe na sahihi ya Lokesh mwenyewe. Aliahidi mbele ya polisi, akavunja ahadi, na mara hii kavunja na mfupa. Hakuna hakimu ambaye angesema wito unatosha kumzuia mtu wa namna hiyo. Lakini hakimu yeyote mwenye macho angeuliza pia kwa nini jeraha la nyuzi mbili lilifungwa kwa kalamu. Swali hilo likiulizwa mahakamani linakwenda kwa mkuu wa polisi, na kwa mkuu wa polisi linakuwa uchunguzi, na uchunguzi ukianza mtu amebakiza miezi mitatu, pensheni yake hukaa kabatini miaka hata mitano. Alimjua mwenzake aliyekufa akiingoja.

Santro akatazama makaa. "Afande, ukurasa huu nimeuona mimi peke yangu," akasema. "Na mimi macho yangu, unayajua. Mabovu."

"Una watoto wangapi, Santro?"

"Wawili. Wa kike wote."

Urmila akaagiza chai, ikaja, ikapoa na utando juu. Hakuwa anapigana na nafsi yake kama watu wanavyodhani. Alikuwa anamfikiria mumewe, kijiko, na mto wa pili anaowekewa mgongoni asipaliwe. Alikuwa anafikiria kwamba alitaka kuondoka kazini kimya kimya, bila shada la maua wala hotuba, na kwamba hata hilo dogo lilikuwa kubwa mno kuliomba. Kisha akauvuta wino karibu, akaandika sababu ya kwanza. Alipofika mahali pa jina la afande aliyesimamia suluhu, akaandika jina lake kwa herufi kubwa, maana mwandiko wake wa kawaida watu walikuwa wakilalamika hausomeki.

Alasiri ile alimwita Gunjan, akampa karatasi nyeupe. "Andika mwenyewe. Usimtaje mtu kwa sababu yumo kwenye kadi. Mtaje aliyekugusa."

Gunjan aliandika polepole, plasta ikiizuia karatasi isiteleze. Aliandika majina mawili: Lokesh, aliyeusokota mkono, na Bimla, mama mkwe, aliyeshikilia mlango. Kwa Bimla, Urmila akaandaa hati ya wito. Fomu ya kukamata ilikuwa ya mtu mmoja.

*

Jumamosi saa sita mchana, ukungu ulipokwisha kupanda, walimkuta Lokesh dukani anamtilia mteja kioo kipya cha simu. Alipowaona akatabasamu, akainama kuigusa miguu ya Urmila. Santro akaudaka mkono wake kabla haujafika.

"Mama, nini tena? Mimi nina karatasi yenu!" Akaitoa mfukoni, imelainika kwa kukunjuliwa. "Hii hapa. Muhuri huu hapa."

"Lisome sharti la tatu," Urmila akasema.

"Nani kasema nilikwenda? Rampal? Muulizeni Rampal!"

"Rampal hajasema kitu. Tembea."

Watu walitoka madukani kutazama. Walishangaa kumwona anabebwa peke yake, bila baba, bila mama, bila wifi. Mzee mmoja aliuliza wengine wako wapi. Santro akamwambia gari ni dogo.

Alasiri, mahakamani, hakimu aliisoma fomu yote, mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Wakili wa Lokesh alikwisha kusimama na cheti chake cha kifo, lakini hakimu alimwinulia mkono bila kumtazama. Chumba kilikuwa na hita moja, na ilikuwa chini ya meza ya hakimu. Gunjan alikaa nyuma, baba yake viti viwili kutoka kwake, kofia ya sufu mikononi.

"Inspekta," hakimu akasema. "Hapa imeandikwa mtuhumiwa aliahidi kituoni mwaka juzi, baada ya kumjeruhi mke wake mdomoni. Suluhu hiyo aliisimamia nani?"

"Mimi, mheshimiwa."

"Jina hili ni lako?"

"Ni langu."

"Jeraha la nyuzi mbili. Ulimpeleka hospitali?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Ulifungua kesi?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Urmila alikuwa ameandaa majibu usiku kucha. Alikuwa na la wingi wa kesi, na la maagizo ya wilaya kuhusu kuokoa nyumba, na yote mawili yalikuwa kweli. Alipofungua mdomo hakuona hata moja lililokuwa na haja.

"Nilikuwa nimechoka, mheshimiwa," akasema.

Hakimu alimtazama kwa muda, kijana yule, kama anayeogopa kidogo kwamba na yeye siku moja atazeeka. Kisha akaandika. Kwanza aliandika kwamba sababu zilizotolewa zinatosha, na kwamba Lokesh akae mahabusu siku kumi na nne. Halafu akavuta karatasi nyingine, akaandika barua kwa mkuu wa polisi wa wilaya, akampa karani aipeleke siku ile ile. Urmila akaipigia saluti.

Nje, kwenye ngazi za mahakama, makarani walikuwa na meza zao juani, mashine zikigonga. Rampal alisimama mbali kidogo, karibu na muuza karanga, asijue aende kwa nani. Jumapili haingekuwa na wageni. Maziwa alikwisha kuyalipia. Gunjan alishuka ngazi moja moja, akasimama mbele ya Urmila.

"Siku kumi na nne," akasema. "Halafu?"

"Halafu ataomba dhamana. Pengine atapata."

"Kuna mwanamke anashona sare za shule, mtaa wa pili kutoka reli. Ana chumba. Aliniambia mkono ukipona nije." Alihesabu kitu kichwani. "Zinatosha."

"Zikikaribia kwisha, nipigie. Kama bado nipo kituoni." Urmila akakohoa. "Gunjan, mwanangu, nisamehe. Ulipokuja na baba yako sikukukumbuka kabisa. Nimekuja kukujua kwenye daftari."

"Mimi nilikukumbuka toka mlangoni," Gunjan akasema.

Urmila aliona aibu kuuliza, lakini akauliza. "Sasa kwa nini ulirudi kwangu?"

Gunjan akamtazama kama siku ile ya kwanza, kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, bila chuki yoyote.

"Afande, kwani kuna kituo kingine?" akasema, akajifunika shali, akamwendea baba yake.